Kisu Kilichorudishwa Mara Tatu

Baba mkwe wangu ana visu vya kukunja thelathini na saba, na mama mkwe anaviita mke mwenza. "Kamuulize mwenzangu kama ameshiba," huniambia Jumamosi asubuhi, kidevu chake kikielekea meza ya dirishani, ambako mzee ameketi na sanduku lake la mbao, kitambaa cha flaneli na kichupa cha mafuta ya cherehani. Nilipoolewa nikaja kuishi katika nyumba hii nilidhani ni utani mtupu. Baada ya miezi miwili niligundua kwamba kuna siku utani ule una pilipili ndani yake, na siku hizo ni afadhali nijitafutie kazi uani.

Mzee alikuwa fundi wa nyaya za simu. Miaka thelathini na moja alipanda nguzo, akamenya nyaya, akaziunga, akashuka. Wenzake walistaafu na vitambi, yeye akastaafu na visu. Vingine vina mpini wa pembe, vingine wa mti, na kimoja kina mpini wa plastiki nyekundu uliopasuka ukafungwa uzi wa shaba. Kila kimoja kina kitanda chake ndani ya sanduku, na chini ya kila kitanda kuna kikaratasi kilichoandikwa kwa herufi zilizosimama wima: kisu kilipatikana wapi, mwaka gani, kimekata nini. "Nyaya, miaka tisa." "Mkate na kamba za viatu." "Kilidondoka toka juu ya nguzo mara mbili, hakikuvunjika. Mimi ningevunjika."

Mimi ni mtu wa kuuliza. Tangu utotoni mdomo wangu hutangulia na miguu ikafuata, na mara nyingi vyote viwili hujuta. Najua mke wa mtoto anatakiwa awe na haya mbele ya baba mkwe wake, na haya ninayo, ila haijawahi kuushinda udadisi wangu hata siku moja. Kwa hiyo Jumamosi ya tatu tangu nihamie nilipeleka chai, nikaiweka mezani, halafu sikuondoka.

"Baba, kisu unakichaguaje?"

Aliinua miwani akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kumuuliza swali juu ya visu ambalo halikuwa "utaviuza lini?"

"Fumba macho," akasema. "Lete mkono."

Akaniwekea kisu kiganjani, kimefungwa. Kisu hakikabidhiwi kikiwa wazi, alinieleza, na anayekupa kikiwa wazi ama hakupendi ama hakulelewa. Kisha akaniambia nikifungue polepole karibu na sikio.

"Unasikia? Kizuri kinatembea, halafu kinakaa. Tak. Kikiruka kama panzi, springi imekazwa mno, siku moja kitakurukia. Kikilegea kama mlango wa choo cha stendi, mrudishie mwenyewe."

Akanifundisha kukiinua dirishani na kutazama kati ya springi na ulimi, ule ulimi wa chuma unaojificha ndani ya mpini. Ukiona mwanga unapenya, usinunue. Nilitazama visu kumi na moja asubuhi ile, na chai ya mzee ikapoa, na mama mkwe akapita nyuma yetu akisema, "Haya, sasa tumekuwa wake watatu."

Kisu cha thelathini na saba hakunipa. Kilikuwa kwenye pembe ya sanduku, mpini wake wa mti mwekundu ukimetameta kama haujawahi kushikwa, na kikaratasi chake kilisema hivi: "Kosa la kiwanda. Kilirudishwa dukani mara tatu. Hakijakata kitu."

"Mara tatu?" nikauliza. Niliuliza ningali nimeinama.

Mzee akanisimulia. Miaka ishirini na sita iliyopita aliingia duka la vifaa vya ujenzi kutafuta misumari, akamkuta mwenye duka anataka kukitupa. Wateja watatu walikuwa wamekinunua kwa nyakati tofauti, na wote watatu wakakirudisha wakilalamika kwamba kinakata upogo. Yeye akakichukua kwa sababu alitaka kujua kina nini. Alikuwa bado hajajua. Springi safi, chuma safi, ila kile kijishimo ambacho ukucha hushika ili kufungua ulimi kilikuwa upande usio wake, na makali yalikuwa yamenolewa upande mmoja tu.

"Fundi wao alichoka, akaenda kula," alisema.

"Na wewe hujajaribu kukata nacho?"

"Humu ndani ni chenyewe tu ambacho hakijagusa kitu. Hata karatasi. Nikikata nacho, mkwe, kitakuwa kisu tu."

Akakigusa kwa kidole kimoja, akafunga sanduku. Nilienda jikoni nikiwa na maswali kumi tumboni, na nikayameza na viazi.

Sasa niseme habari zangu, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapokutana. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu na nyumbani huonekana siku nne kwa mwezi. Mimi nilijaribu kushona, nikashindwa kukaa. Nilijaribu saluni, nikashindwa kunyamaza. Halafu nikapata nafasi ya majaribio kwenye kitalu cha miche ya matunda, nyuma ya mnara wa maji, na siku ya kwanza tu nilipoingia chini ya ule wavu mweusi wa kivuli, nikaona maelfu ya miche imejipanga kwenye mifuko yake, nilisema moyoni: hapa siondoki. Sijawahi kukipenda kitu cha kazi namna ile. Nilipenda hata harufu ya udongo uliomwagiwa maji.

Kazi yenyewe ni kubebesha. Unachukua mche wa parachichi la kienyeji, unaukata kichwa, unapasua shina lake katikati. Unachukua kijiti kutoka kwenye mti wa mbegu nzuri, ambacho sisi tunakiita kikonyo, unakichonga ncha kama kabari, pande mbili zimenyooka bapa. Unakichomeka kwenye ule mpasuko, unafunga kwa mkanda wa nailoni, unavika kifuko, unasubiri wiki nne. Vikigusana vizuri, vinaungana vinakuwa mti mmoja. Kukiwa na nafasi hata ya uzi, kikonyo kinanyauka, na unakivuta kwa vidole viwili kinatoka kama kijiti cha kuchokolea meno.

Msimamizi wetu tulimwita Bwana Asilimia, kwa sababu hata ukimsalimia anakujibu kwa mia. "Umeamkaje, mzee?" "Asilimia sabini, mgongo unauma." Kila mtu wa majaribio alipewa makundi manne ya miche mia mia, na sharti lilikuwa moja: angalau kundi moja lifike miche sabini iliyoshika. Visu ni vya kitalu, vyote vya aina moja, vya kukunja. Huvinoa mwenyewe kila asubuhi, anavigawa, na jioni anavikusanya kwenye bati.

Kundi langu la kwanza lilishika thelathini na moja. La pili ishirini na nane. La tatu thelathini na nne, na Bwana Asilimia akazikung'uta zile maiti zangu kwenye toroli bila kunitazama.

"Dada, kuna watu Mungu amewapa mkono mkavu," alisema. "Wanapanda mchicha unaota mawe. Si dhambi."

"Labda kisu, mzee."

"Mchagua jembe si mkulima." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Jumatatu unakata kundi la nne. Baada ya hapo tutaagana vizuri."

Nilijikaza kisabuni mpaka nikafika kwenye bomba la maji, na hapo nikalia kwa hasira. Sikuelewa. Nilimwangalia akikata. Alinifundisha yeye mwenyewe, tumeketi tukitazamana, meza katikati, na nilifuata kila kitu alichofanya: mkono wake ukienda upande ule, na wangu ulikwenda upande ule ule. Mimi si mvivu wala si kipofu. Jirani yangu wa mezani, mama mmoja mnene mwenye ulimi wa upanga, ndiye pekee aliyekuwa na lawama nyingine: "Wewe mtoto, kiwiko chako kitanivunja mbavu."

Ijumaa ile nilimwomba Bwana Asilimia aniazime kisu kimoja nikafanye mazoezi nyumbani. Alifikiri muda mrefu. Akanipa, akaandika namba ya kisu kwenye daftari na chini yake akaandika "mpaka Jumatatu", akaipigia mstari mara mbili.

Jumamosi nilifika meza ya dirishani na kisu cha kitalu, kimefungwa kama nilivyofundishwa, na fungu la vijiti vya parachichi ndani ya kitambaa kibichi. Mzee alikipokea kama mtu anayepewa mtoto mchanga wa watu. Akakifungua karibu na sikio. Akakiinua dirishani. Halafu akapitisha kidole gumba kwenye ubavu wa ulimi, upande huu, upande ule, akakunja uso.

"Hiki nacho kimenolewa upande mmoja."

"Vyote viko hivyo, baba. Upande mmoja bapa, upande mmoja una mteremko. Ndivyo vinavyotakiwa."

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo, nikaona sijui. Mimi, mtu wa kuuliza, miezi mitano nimeshika kisu na swali hilo halikunipitia kichwani. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Kata nione," akasema.

Nilikata kijiti. Akakiinua kwenye mwanga, akalaza kile kichongo changu juu ya ukingo wa rula yake ya chuma, akanipa nitazame. Katikati, kati ya mti na rula, kulikuwa na utepe mwembamba wa mwanga. Kichongo changu kilikuwa na tumbo. Nikakata cha pili, tumbo. Cha tatu, tumbo. Vilikuwa havinyooki hata nikibana pumzi.

"Ndiyo hivyo vinavyokufa," nikasema.

Mzee alipokuwa fundi, mama mkwe huniambia, aliweza kukaa juu ya nguzo saa nzima akitazama waya mmoja uliokataa kusema. Sasa alinitazama hivyo hivyo. Alisogeza kiti, akazunguka meza, akaja kuketi kushotoni kwangu ili aone kwa karibu. "Kata tena," akasema, akanyanyua kikombe chake cha chai.

Nilikata. Kiwiko changu kilimgonga mkono, na chai yote ikamwagika kwenye flaneli, kwenye rula na kwenye shati lake.

"Uwii! Baba, nisamehe! Nisamehe sana!"

Alikuwa hata hasikii. Alikuwa anatazama mkono wangu, chai ikimdondoka tumboni.

"Wewe ni wa mashoto," akasema.

"Kidogo tu," nikasema, kana kwamba nimeshtakiwa. Nilifundishwa kula na kuandika kwa mkono wa kulia, bibi yangu alikuwa na mwiko wa kupakulia uliofanya kazi ile vizuri sana. Mambo mengine mkono wa kushoto ulijichukulia wenyewe, na mimi nilikuwa nimeshazoea kutolitaja jambo hilo.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza alipomenya viazi," mama mkwe akasema kutoka mlangoni. "Hakuna aliyeniuliza. Watu wa nyumba hii wanauliza visu."

Mzee alikuwa ameshasimama. Alichukua kisu cha kitalu kwa mkono wake wa kulia, akachukua kijiti, akakata. Yeye ambaye maisha yake yote hajagusa mche. Akakilaza kichongo kwenye rula, na hakukuwa na mwanga. Akakihamishia kisu mkono wa kushoto, akakata kwa shida, na tumbo likaonekana.

Tulielewa wote wawili kwa pamoja, tukaanza kusema kwa pamoja. Kisu kikiwa kulia, upande bapa ndio unaolala kwenye mti unaobaki, na ule mteremko unatazama takataka inayoanguka. Kikiwa kushoto mambo yanapinduka: mteremko ndio unaolala kwenye mti, na kisu kinaogelea, kinazama na kuibuka kadiri kinavyotaka. Bwana Asilimia hakuona kwa sababu aliketi mbele yangu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa upande mmoja na wake wa kulia, kama mtu anapojitazama kwenye kioo. Nilimwigiza vizuri mno.

"Kwa hiyo kingehitajika kisu kilichonolewa upande wa pili," nikasema. "Na kijishimo cha ukucha nacho kiwe..."

Wote tulikuwa tunatazama pembe ya sanduku.

Alikitoa polepole. Akakifungua mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikauona ulimi wake: mnyoofu, mweupe, hauna hata mkwaruzo. Akaulaza sambamba na kile cha kitalu. Vilikuwa visu mapacha, kimoja kikitazama kulia na kingine kikitazama kushoto. Mzee alicheka kicheko kidogo cha puani.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Hakikukosewa. Kiliuzwa kwa watu wasio wake."

Nilisubiri. Kama ningekuwa na adabu kamili ningeondoka, lakini nilikitaka kile kisu kuliko nilivyowahi kutaka kitu cha mtu, na nadhani usoni ilionekana, kwa sababu mzee alinitazama mara moja tu, akakifunga, akakilaza kwenye kitanda chake.

"Jaribu kujizoeza mkono wa kulia, mkwe," alisema. Hakunitazama aliposema. "Leo na kesho. Mkono hufundishika."

"Ndiyo, baba."

Sikumlaumu. Kwa kweli nilimlaumu, kuanzia pale mpaka usiku, halafu nikaacha, maana kila mtu ana kimoja chake ambacho hakigusi. Jumapili nzima nilikaa uani nikikata vijiti kwa mkono wa kulia. Vilitoka kama vimetafunwa na mbuzi. Alasiri kisu kilinipita kwenye kidole gumba, si sana, lakini damu haikujua kuwa si sana. Mama mkwe alinifunga kitambaa huku akisema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani kwamba kuna watu wana visu thelathini na saba na hakuna hata kimoja chenye faida kwa mwanadamu.

Jumatatu niliamka mapema. Jikoni hapakuwa na mtu. Juu ya mkebe wangu wa chakula kulikuwa na kifurushi cha flaneli, ile yenye doa la chai, na kando yake sahani yenye ndimu moja iliyokatwa vipande viwili. Ilikuwa imekatwa vibaya, kipande kimoja kikubwa kimoja kidogo, na uso wa mkato ulikuwa na mawimbi. Nilifungua flaneli. Kisu chenye mpini mwekundu kilikuwa kimefungwa. Nilipokifungua, tak, niliona ulimi wake umeingia doa la kijivu katikati, lile doa ambalo ndimu huliacha kwenye chuma cha zamani na ambalo halitoki tena.

Alikuwa amekata nacho kitu cha kwanza yeye mwenyewe. Aliona kwamba nikipewa kile kisu cheupe ningekwenda kazini nikiogopa kukitia doa. Nilikaa kwenye kigoda nikashika kile kipande kidogo cha ndimu, na nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Kitaluni nilifika kabla ya Bwana Asilimia kufungua bati. Nilimrudishia kisu chake, akakikagua, akafuta mstari kwenye daftari. Ndipo nikatoa changu.

"Na hicho?"

"Mzee, mia moja hii ni ya mwisho. Niache nianguke na kisu changu."

Alikitazama jinsi kilivyokunjwa, akatazama kidole changu kilichofungwa. "Mchagua jembe..." akaanza.

"Si mkulima. Najua. Na mimi sijawa mkulima bado."

Jirani yangu alicheka mpaka akashika meza. Bwana Asilimia aliguna. "Kichovye kwenye spiriti kwanza," akasema. "Usiniletee magonjwa ya nyumbani kwenu."

Nikakichovya. Nikachukua kikonyo cha kwanza, nikakata. Sijui nisemeje. Siku zote nilikuwa nikisukumana na kisu, na siku ile kisu kilikwenda peke yake. Kichongo kilitoka bapa, kinang'aa kwa maji yake, na nilipokilaza kwenye ukingo wa meza hakuna mwanga uliopita. Nilikata cha pili, nikakilaza, hakuna. Kufika cha ishirini niliacha kupima. Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza mia, na nikafunga nailoni ya mwisho kwa meno na mkono mmoja kwa sababu kidole kilikuwa kinapwita.

Wiki nne ni muda mrefu kwa mtu asiyejua kusubiri. Nilipewa kazi ya kujaza udongo mifukoni, kazi ya anayengojea kuagwa, na kila nilipopita nilikodolea macho vile vifuko vilivyojaa ukungu. Nyumbani mzee hakuuliza, nami sikusema. Jumamosi nilileta chai kama kawaida, akanionyesha kisu cha pembe, tukazungumza habari za springi. Sanduku lilikuwa wazi lakini kile kitanda cha pembeni alikuwa amekifunika kwa kipande cha flaneli, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kitu kimefunikwa nikakiacha.

Siku ya kuhesabu, Bwana Asilimia alivua vifuko mwenyewe. Alianza na safu ya kwanza. Kila kikonyo alikigusa kwa ncha ya kidole, na vingi vilikuwa tayari vimetoa majani mawili madogo mekundu. Alihesabu mpaka mwisho, akasimama, akarudi safu ya kwanza akahesabu upya.

"Themanini na nane," akasema. Aliliambia daftari, si mimi.

Akalifunga daftari, akaninyooshea mkono.

"Hebu nione hicho kisu."

Nilimpa, kimefungwa. Alihangaika na kijishimo cha ukucha, akakifungua, akachukua kikonyo, na kwa mkono wake wa kulia, mkono wenye sifa kitalu kizima, akakata. Akakitazama. Akakata kingine. Kilikuwa na tumbo kama la mtu aliyetoka harusini.

"Mzee," nikasema, na hapo mdomo wangu ulitangulia kama kawaida yake, "kuna watu Mungu amewapa mkono mkavu. Si dhambi."

Jirani yangu ndiye aliyeanza kucheka, halafu wengine wote, na Bwana Asilimia akasimama katikati ya kile kicheko akigeuza kisu huku na huku. Nilimweleza basi, mkono, meza, kioo, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakifunga kisu, akanirudishia, akaniamuru nihamie kiti cha mwisho kabisa cha kushoto, mahali ambapo kiwiko changu hakitamfikia mtu.

"Kesho saa moja kamili," akasema. "Asilimia mia. Si themanini na nane."

Nilipofika nyumbani mama mkwe alisoma habari usoni mwangu kabla sijatamka, akapiga kigelegele kimoja kirefu, akageukia dirishani. "Umesikia? Mwenzangu mmoja amepata kazi. Bado thelathini na sita nao watafute."

Mzee alikuwa na kitambaa mkononi. Nilimwendea, nikatoa kisu mfukoni. Nilikuwa nimekisugua njia nzima, lakini doa la ndimu lilikuwepo, na juu yake madoa mapya ya utomvu, ya kahawia na buluu. Nilikishika kimefungwa, kwa mikono miwili.

"Baba, nimekirudisha. Ahsante. Themanini na nane."

Hakukipokea. Alifunua kile kipande cha flaneli kwenye pembe ya sanduku, akasogea pembeni ili nisome.

Kitanda kilikuwa kitupu. Kwenye kikaratasi, maneno "Kosa la kiwanda" yalikuwa yamekatwa mstari mmoja wa wino. "Hakijakata kitu" pia. Chini yake, kwa zile herufi zilizosimama wima, aliandika: "Kipo kazini." Na chini kabisa aliweka tarehe. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa tarehe ya ile Jumatatu ya ndimu, siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijajua kama hata kikonyo kimoja kitashika.

Nilikitia kisu mfukoni, nikaenda kuweka maji ya chai jikoni.